Pitch Black ni muvi ya Carolyn Fry, jamani

Ukiitaja Pitch Black, ile muvi ya kutisha ya anga ya mwaka 2000, popote pale jibu linalokuja ni moja tu, Riddick. Vin Diesel, kipara, miwani myeusi, macho yanayong'aa gizani, sauti ile nzito ya kukwaruza. Naelewa kabisa, jamaa aliitendea haki ile nafasi, mwaka mmoja baadae akaingia kwenye zile muvi za magari na dunia nzima ikamjua, alafu zikaja muvi nyingine mbili zenye jina la Riddick mbele, ya 2004 na ya 2013, kwahiyo hata mtu ambaye hajaiona ile ya kwanza anajua kwamba ni muvi ya Riddick. Mimi sikubali. Nimeirudia mara nyingi mno na kila nikiirudia naona wazi zaidi kwamba mwenye ile muvi ni Carolyn Fry, yule rubani aliyeigizwa na Radha Mitchell, na leo nataka nilieleze hili kwa urefu kwasababu dada wa watu amesahaulika na hakustahili kabisa kusahaulika.

Nitasimulia mpaka mwisho, hadi nani anakufa na anakufaje. Kama hujaiona, kaiangalie kwanza, haifiki hata saa mbili, alafu urudi.

Tuanze na ile ajali, maana kila kitu kipo pale. Chombo kinaitwa Hunter-Gratzner, kimebeba mizigo na abiria, wote wamelala ule usingizi wa safari ndefu ndani ya makabati, na wafanyakazi wa chombo nao wamelala. Kinapita kwenye mkia wa nyotamkia, vipande vidogo vidogo vya mawe vinatoboa bati utasema risasi, kapteni anakufa hapohapo hata hajatoka kwenye kabati lake. Wanaobaki kuendesha ni wawili tu, Owens na Fry, na Fry mwenyewe kazi yake ya kawaida ni kuegesha chombo kikifika kituoni, siyo kukishusha chini kikiwa kinawaka moto kwenye sayari asiyoijua. Chombo ni kizito nyuma, pua haitaki kunyanyuka. Anavuta liva, behewa la mizigo linaachia, linapotea. Anavuta tena, jingine linaondoka. Pua bado ipo chini. Sasa kilichobaki cha kutupa ni behewa la abiria.

Hapo kamera inakaa usoni kwake na mkono wake upo juu ya liva, na anasema wazi kwamba hatakufa kwa ajili yao. Hana chuki nao, hawajui hata majina, ni watu waliolala nyuma ya ukuta. Anavuta. Kinachowaokoa ni Owens tu, ambaye ameuzuia mlango wa katikati usifunge, na mlango usipofunga behewa haliwezi kuachia, kwahiyo Fry anavuta na kuvuta na hakuna kinachotokea mpaka chombo kinajibamiza chini. Owens anachomwa na chuma kifuani na anakufa kwa maumivu makali sana, anapiga kelele, na hakuna dawa. Waliopona wanatoka kwenye mabaki, wanamwangalia Fry kama kapteni aliyewashusha salama. Na yeye ananyamaza.

Muvi ngapi za kutisha unazozijua ambazo mtu tunayetakiwa kumfuata dakika ya tano tu kashajaribu kuua abiria wote? Kwa kawaida mtu wa namna hiyo anapewa dhambi ndogo ndogo, anavuta sana sigara, amegombana na baba yake, basi. Fry amepewa dhambi kubwa kweli, tena ya kufichika, na muvi nzima iliyobaki anaibeba tumboni huku watu wanamuita kapteni. David Twohy, aliyeongoza na kuandika script pamoja na ndugu wawili Jim na Ken Wheat, angeweza kuacha huu uzi ukapotea mara baada ya madubwana kutokea. Hakuuacha. Kila mtu anayekufa kwenye ile muvi unamuona Fry anahesabu.

Sasa sayari yenyewe. Ina majua matatu. Mawili yanawaka rangi ya machungwa upande mmoja, yakizama linachomoza la tatu la bluu upande wa pili, kwahiyo usiku haupo. Wakitoka nje mara ya kwanza mwanga unakuumiza macho hata wewe uliyekaa kwenye kochi, kila kitu kimeungua, kimekauka, vivuli havikai sawa. Mpiga picha ni David Eggby, yule yule aliyepiga Mad Max ya 1979, na mahali penyewe ni Coober Pedy, Australia Kusini, mji wa machimbo ya opali ambao joto lake limefanya wakazi wengi wachimbe nyumba chini ya ardhi na waishi humo. Mimi hilo huwa linanikaa sana kichwani. Muvi inayosema kwamba kifo kipo chini ya ardhi imepigwa sehemu ambayo watu wanashuka chini ya ardhi ili wapone na jua. Nadhani ndio maana lile jangwa linaonekana la kweli kuliko majangwa mengi ya kwenye muvi za anga, hawakuhitaji kulitengeneza sana, walilikuta.

Nusu ya kwanza inakwenda taratibu na kuna watu wanailalamikia. Mimi naipenda mno. Wanatafuta maji, wanakuta mifupa ya wanyama wakubwa ajabu imetapakaa bondeni, kila mmoja ana nadharia yake. Wanakuta makazi ya watafiti wa miamba, nyumba zipo, vitu vipo, kuna hata chombo kidogo cha kurukia kinachoweza kuwatoa pale kikipata betri, ila watu hawapo. Nguo zipo, watu hawapo! Na muda wote huo unaambiwa uogope mtu mmoja, Riddick, muuaji aliyetoroka kwenye minyororo ya Johns, afande aliyekuwa anamrudisha gerezani. Mtu wa kwanza akitoweka kila mtu anasema Riddick. Ni ujanja wa zamani huo lakini umefanywa vizuri, kwasababu Riddick kweli ni mtu wa hatari, hawakukudanganya, wamekuonyesha tu hatari ndogo ili usiangalie kubwa.

Aliyetoweka anaitwa Zeke, alikuwa anachimba kaburi. Fry anaingia kwenye shimo lile mwenyewe kumtafuta, amefungwa kamba, na huko ndani ndio tunasikia ile milio kwa mara ya kwanza, kama mtu anagonga ulimi kwenye kaakaa haraka haraka. Viumbe hawa hawaoni kama tunavyoona sisi, wanapiga mlio na kusikiliza unavyorudi, njia ileile ya popo, na mwanga unawaunguza ngozi. Vichuguu virefu vilivyosimama jangwani pote, ambavyo mwanzo uliona ni mawe tu, ndani vina mashimo, na mashimo yamejaa.

Alafu Fry anaikuta ile mashine kwenye makazi, mfano wa sayari na majua yake unaozunguka kwa mkono. Anauzungusha. Rekodi za mwisho za wale watafiti ni za miaka 22 iliyopita. Anazungusha mpaka alama ifike kwenye mwaka huu, na zile sayari za mfano zinajipanga mstari mmoja na ile kubwa yenye pete inafunika majua. Hakuna anayeongea. Unaelewa mwenyewe kwanini nguo zipo na watu hawapo, na unaelewa kwamba zamu inayofuata ni hii.

Kuna mabishano ya miaka mingi kuhusu sayansi ya hapa na mimi nina la kusema. Kupatwa kwa jua kwa huku kwetu duniani ni jambo la dakika, giza kamili halizidi dakika saba na nusu hata likienda muda mrefu kuliko yote, kwasababu mwezi wetu ni mdogo na kivuli chake ni chembamba na kinakimbia. Kwahiyo watu wanasema giza la kwenye muvi haliwezekani. Linawezekana kabisa, unachohitaji ni kitu kikubwa zaidi mbele ya jua. Miezi ya Jupita inapoingia kwenye kivuli cha Jupita inakaa gizani kwa masaa, siyo dakika. Ukiweka sayari kubwa yenye pete, giza refu linapatikana. Ninapokubaliana na walalamikaji ni kwenye majua matatu kufunikwa kwa mkupuo mmoja na hesabu ikatoka sawa kila miaka 22, hapo kweli waandishi wamejisaidia. Lakini sioni kama ni kosa la kuharibu muvi, maana wametuambia sheria mapema na hawakuivunja.

Swali la chakula ndio zuri zaidi. Miaka 22 wanakula nini chini huko? Muvi yenyewe inajibu nusu, wanakulana wenyewe, tunaona kwa macho. Nusu iliyobaki mimi najibiwa na wanyama halisi. Marekani kuna nyenje wanaokaa ardhini miaka 13 au 17 kisha wanatoka wote kwa pamoja, mabilioni, kwa wiki chache, wanazaa na kufa. Kwenye mapango ya Slovenia kuna kiumbe mweupe asiyeona, jamii ya salamanda, anayeweza kukaa miaka bila kula kabisa. Maisha yanayosubiri miaka mingi gizani yapo tayari hapahapa duniani, tofauti ni kwamba ya kwetu hayana makucha ya kukupasulia fuvu.

Giza linapoingia, ile shoti ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye muvi za aina hii na bajeti nzima ilikuwa kama dola milioni 23. Sayari yenye pete inapanda angani, kubwa mpaka haieleweki, inameza jua, na kwenye vichuguu viumbe wanaanza kutoka kama moshi, moshi unaopiga kelele. Watu wamesimama wanatazama juu midomo wazi badala ya kukimbia. Hakuna muziki wa kukusukuma sana pale, ni ile milio tu inaongezeka. Shazza, mwanamke mgumu kuliko wanaume wengi mle ndani, analala kifudifudi pamoja na Riddick wakati kundi linapita juu yao, alafu uvumilivu unamuisha, anasimama akimbie, na anapasuliwa akiwa hewani.

Kuanzia hapo muvi inakuwa ni hesabu ya mwanga. Na hapa ndipo inapozipita nyingi. Kwenye muvi nyingine za madubwana silaha ni bunduki na risasi hata haziishi, ila hapa silaha ni tochi, neli za mwanga, fataki za kumulika, chupa za pombe za yule mfanyabiashara wa vitu vya kale zikawekwa tambi na kuwashwa. Kila kimoja unakiona kinavyopungua. Betri zinazohitajika kwenye chombo kidogo zipo kwenye mabaki ya ajali, inabidi zikokotwe jangwani gizani mpaka makazi, kwa mguu, kwasababu gari walilolikuta linatumia jua na jua halipo tena. Kwahiyo watu wanatembea ndani ya duara dogo la mwanga wakivuta kitoroli, na kwenye ukingo wa duara unaona kucha, mkia, kitu kinapita. Ukitoka hatua mbili umekwisha. Riddick anatangulia mbele kwasababu ndiye pekee anayeona gizani, macho yake yalifanyiwa upasuaji gerezani kwa malipo ya sigara 20, na hapo unagundua kwamba mtu waliyekuwa wanamfunga minyororo mchana ndiye wanayemfuata usiku.

Nikae kidogo kwenye kifo cha Paris, huyo mfanyabiashara. Ni mtu wa starehe, mwoga, unamcheka mwanzoni. Anashikwa na hofu, anatambaa kukimbia, na mwili wake unakokota zile neli za mwanga mpaka zinachomoka kwenye mashine. Giza kwa wote. Yupo peke yake mchangani, anasikia milio imemzunguka, anasema kwamba alitakiwa afe Ufaransa, na kwamba hajawahi hata kuiona Ufaransa. Anakunywa funda la pombe, analitema kwenye kiberiti chake cha gesi. Moto unalipuka kwa sekunde moja na katika sekunde hiyo unawaona, wamesimama wima kumzunguka pande zote, wengi, karibu kiasi cha kuguswa, wamemwinamia. Moto unazimika. Basi. Hawakuonyesha zaidi, na mimi nikiifikiria tu ile sekunde nywele zinasimama. Angepiga kelele tu akafa ningemsahau, ila alitumia kile alichokuwa anakijua maishani mwake, pombe nzuri, kuona kitakachomuua.

Huku watu wanapungua, siri zinatoka. Johns siyo afande wa kweli, ni mtu anayewinda watoro kwa pesa, na ana mofini anayojidunga kila siku. Yaani Owens alikufa analia kwa maumivu na dawa ilikuwepo mfukoni mwa Johns muda wote. Fry anapolijua hilo anamkabili, anamwambia usoni. Na Johns anajibu kwa njia chafu kabisa, baadae mbele ya wote anatangaza kwamba huyu kapteni wenu alijaribu kuwatupa mkiwa mmelala. Angalia uso wa Radha Mitchell pale. Hajitetei. Hasemi nilichanganyikiwa, hasemi ilikuwa ni lazima. Inamwingia na anaendelea kupanga safari.

Napenda sana jinsi muvi ilivyowaweka Fry na Johns kwenye mzani mmoja. Wote wawili walishawahi kuangalia watu wengine kama uzito wa kupunguza. Johns anaendelea hivyohivyo, anafikia kumwambia Riddick pembeni kwamba wamuue Jack, yule mtoto, wakokote mwili nyuma kwa kamba ili madubwana yafuate damu. Jack ni msichana aliyejifanya mvulana na damu yake ya mwezi ndio imekuwa inawavuta wale viumbe, kwahiyo hesabu ya Johns kama hesabu ipo sahihi, na hilo ndilo linalotisha. Ni hesabu ileile ya kwenye liva. Riddick, muuaji, anakataa, wanapigana, na Johns anabaki nyuma gizani na bunduki yake.

Imam naye nataka nimtaje vizuri. Keith David anaigiza mtu wa dini anayesafiri na vijana watatu kwenda kuhiji Makka Mpya, huko mbali kwenye nyota. Mwaka 2000, kwenye muvi ya kutisha ya Marekani, Muislamu aliyeandikwa kama mtu mzima mwenye akili na huruma, hana bomu, hana hasira, anaswali, anagawa maji, anawazika watu wasio wa dini yake. Vijana wake wanakufa mmoja baada ya mwingine, wote watatu, na imani haimtoki, ila inamuuma, unaisikia kwenye sauti. Anajaribu kumuombea Riddick, na Riddick anamjibu kwamba yeye anamuamini Mungu, anamuamini kabisa, na anamchukia. Ule mjibizano ni mfupi tu lakini una uzito kuliko hotuba nyingi. Lawama yangu hapa ni moja, wale vijana hawakupewa muda. Hassan, Suleiman, Ali, majina tunayasikia lakini ukimaliza muvi huwezi kuwatofautisha, na kwa muvi inayojali kiasi hiki thamani ya mtu aliyelala nyuma ya ukuta, hilo ni pengo kubwa.

Sasa mvua. Kwenye jangwa lisilo na tone la maji, dakika za mwisho ndipo inanyesha, na mwanga uliobaki ni wa moto. Mienge inazimika. Riddick anawasukumia Fry, Imam na Jack kwenye upenyo wa mwamba, anafunga jiwe, anaondoka na betri. Hatarudi, na wewe unajua. Wanapata funza wanaong'aa kwenye kuta za pango, wanawajaza kwenye chupa, ndio tochi yao, na Fry anatoka peke yake na hiyo chupa. Anakimbia kwenye mvua, kwenye giza, hadi kwenye chombo, na anamkuta Riddick ameshawasha injini yupo tayari kuruka.

Riddick anamwambia panda. Hana ugomvi nae, ana nafasi ya mtu mmoja zaidi, waache wale wawili, tuondoke. Na Fry anapiga magoti kwenye matope. Hii ndio sehemu ambayo kila nikiiangalia najikuta nimeshika kitu. Anatambaa kwenda kwenye ile ngazi. Analia. Mwili wake wote unataka kupanda, na anakuwa mkweli kiasi cha kutuonyesha kwamba anataka. Riddick ananyoosha mkono kama anamfundisha mtoto kutembea. Ni liva ileile imerudi mbele yake, abiria wapo nyuma ya ukuta, tofauti ni kwamba sasa Owens hayupo wa kushikilia mlango. Alafu Fry anamrukia Riddick, anampiga, anamkaba, anasema turudi tukawachukue. Riddick anamuuliza, utakufa kwa ajili yao? Anajibu nitajaribu. Riddick hamuachii, anasema hujanijibu. Na anasema ndiyo, nitakufa kwa ajili yao.

Wanarudi, wanawachukua Imam na Jack, wanakaribia kabisa kufika, na Riddick anabaki nyuma amejeruhiwa. Fry ambaye wenzake wameshaingia ndani na angeweza kuruka saa hiyohiyo, anashuka tena. Anamkuta Riddick ameanguka, anamnyanyua, anambembeleza asimame, anamwambia alishasema atakufa kwa ajili yao, na kwamba hatakufa kwa ajili yake yeye. Hapo hapo unasikia pigo. Macho ya Fry yanabadilika. Ncha kali imempita mgongoni, na kabla Riddick hajaelewa vizuri, ananyakuliwa juu gizani. Riddick anabaki na mvua usoni akilalamika, siyo kwa ajili yangu, siyo kwa ajili yangu.

Sisi tuliokulia kwenye muvi tunajua steringi hafi. Mpaka pale nilikuwa na uhakika kabisa steringi ni Fry, na muvi inakupa kila sababu ya kuamini hivyo, ameshafanya kosa, ameshatubu, ameshashinda ule mtihani mkubwa kwenye matope, kilichobaki ni kupanda chombo. Twohy akamuua baada ya mtihani, akimfuata mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa tayari kumuacha yeye. Wapo wanaosema ni ukatili usio na maana. Mimi naona ndio sehemu pekee kwenye muvi nzima ambapo Riddick anabadilika kweli, na anabadilika kwasababu ya kilichotokea kwa Fry, siyo kwa nguvu zake wala macho yake. Kwenye chombo Jack anamuuliza tukikutana na watu tuwaambie nini kuhusu wewe, na anajibu waambieni Riddick alikufa kule kwenye sayari. Maneno hayo huwezi kuyasikia sawasawa bila kumkumbuka aliyekufa kweli.

Kuhusu ubora, siyo kila kitu kimezeeka vizuri. Madubwana yaliyotengenezwa kwa kompyuta yakionekana mazima kwenye mwanga unaona ni ya mwaka 2000, na baadhi ya vita mwishoni vimekatwakatwa haraka hadi hujui nani amempiga nani. Umbo lenyewe alilolibuni Patrick Tatopoulos bado ni zuri, kichwa kama cha papa nyundo, kiasi kwamba katikati mbele kuna sehemu wasiyoipata, na Riddick anaitumia, anasimama uso kwa uso na mmoja akiyumba pale anapoyumba. Lakini ubora wa muvi upo kwenye yale usiyoyaona na kwenye ile milio. Iangalie na sauti kubwa, zima taa, usiiangalie kwenye simu mchana.

Ilipotoka Februari 2000 ilirudisha kama dola milioni 53 duniani kote, siyo utajiri, ila ilitosha kuzaa mwendelezo, na mwendelezo ukaenda na Riddick. Ya 2004 ni kubwa, ina majeshi na wafalme, Imam yumo, Jack yumo akiwa mkubwa na jina jingine, na ina mambo yake mazuri, sitaki kuisema vibaya. Ya 2013 ikarudi kwenye mfumo wa zamani, sayari moja, madubwana, mvua. Humo kuna mtu anatokea, kiongozi wa kundi la wawindaji, na tunagundua kwamba ni baba yake Johns. Amesafiri mbali kote huko kutaka kujua mwanae alikufaje kwenye ile sayari ya giza, na Riddick anamueleza. Ni wazo zuri na limeigizwa vizuri. Ila limeniuma, kwasababu walikuwa na nafasi ya kumleta mtu mmoja kutoka kwenye ile muvi ya kwanza aje adai maelezo, na wakamchagua yule aliyeficha dawa Owens akifa na aliyetaka mtoto akokotwe kwa kamba. Kwanini hakuja mtu wa Fry? Mama yake, mdogo wake, rubani mwenzake, yeyote yule, amkalie Riddick mbele amuulize Carolyn alikufaje na alikufa kwa ajili ya nani, na Riddick alazimike kulitamka jina lake.